Hatua Tisa Kutoka kwa Perrine

Mstari wa kwanza Evariste Gondouin aliuchora kwa chaki sakafuni, hatua tisa kutoka kwenye picha.

"Simama hapo," alimwambia mkewe. "Usiinue macho kabla hujafika."

Zélie alitembea ameinamisha uso, viatu vyake vya mbao vikigonga sakafu ya banda, mpaka ncha zake zikaugusa mstari. Ndipo akatazama. Akaketi palepale chini na mkono mdomoni.

"Ni yeye," alisema. "Hata pengo la jino umeliweka."

Evariste hakuweka pengo lolote. Alijua kila kitone alichokiweka kwenye turubai lile, na mdomo wa mtoto ulikuwa vitone kumi na vinne tu, vya waridi na vya zambarau, umefungwa. Akaja akasimama nyuma ya mkewe, akatazama. Pichani, binti yao Perrine alikuwa amesimama kwenye nyasi na gauni lake la michirizi, anatabasamu, na jino la mbele halipo. Evariste alisogea hatua mbili mbele, mtoto akavunjika, vikabaki vitone. Akarudi nyuma, mtoto akarudi.

Mwanamke alikuwa analia kwa furaha, na ni mjinga gani atamkatiza?

Evariste alikuwa na miaka arobaini na saba. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi, akawa fundi wa mabango: ng'ombe juu ya milango ya mabucha, mikasi juu ya milango ya washonaji. Kisha wachoraji wa Paris wakaanza kushuka na treni kila kiangazi kuja kuchora mto Marne, na kwao akajifunza mtindo wa vitone. Sheria yao ilikuwa moja: usichanganye rangi kwenye ubao. Ukichanganya bluu na njano unapata kijani kilichokufa. Ziweke ubavu kwa ubavu, vitone safi, vidogo kama kichwa cha kiberiti, na jicho la mtazamaji litazipika lenyewe. Kijani hicho kitakuwa hai. Ila lazima mtu asimame mbali. Majirani walikuwa wakija bandani, wanabandika pua kwenye turubai na kucheka, naye huwaambia neno lilelile: "Rudi nyuma kidogo, utaona."

Perrine alizama mwezi wa Mei, akiwa na miaka minane. Zélie alikuwa chini bustanini akianika mashuka, na mtoto alikuwa kwenye gati la mbao la kufulia nguo, anachezea povu. Mama akaupa mto mgongo. Vibanio vinne tu, alikuwa akisema baadaye. Nilibana vibanio vinne, nikageuka, gati tupu. Walimpata siku ya pili penye lango la maji, chini ya kinu. Kabla ya kumzika, wanawake wakamkata nywele kama ilivyo desturi, wakazisuka msuko mmoja, wakampa mama aziweke chini ya kioo.

Ni Zélie aliyetaka picha. Evariste alijaribu kwa brashi zake za nywele za nguruwe, na kila alichochora kilitoka kama bango la duka. Asubuhi moja Zélie alikuja bandani na kile kisanduku cha kioo, akakifungua.

"Tumia hizi," alisema.

"Zélie."

"Ni laini kuliko brashi zako zote. Zimekaa bure mle ndani. Tumia."

Alikata ncha ya ule msuko, akaifunga kwa uzi, akaichomeka kwenye shina la unyoya wa bata bukini, kama fundi yeyote anavyotengeneza brashi ndogo. Akachora wiki saba. Vitone vilitoka vya duara, safi, kana kwamba brashi inajua pa kwenda. Ikaja siku ile ya chaki.

Wiki moja baadaye alimkuta Zélie amesimama hatua moja nyuma ya mstari.

"Mbona huko?"

"Pale haonekani vizuri tena. Hapa ndipo."

"Umechoka macho."

"Baba Perrine, macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Njoo usimame wewe."

Alisimama. Kwenye mstari wa chaki palikuwa na vitone vitupu. Hatua moja nyuma, Perrine alikuwa mzima. Evariste akacheka kidogo, akasema ni mwanga wa Septemba, jua limeanza kulala. Lakini Zélie alipotoka kwenda kupika, alichukua bikari yake, akapima kitone cha chungwa kwenye shavu. Alikuwa na desturi ya kuandika vipimo vyake ukutani kwa penseli. Kitone kilikuwa kimekua. Akapima kingine, cha bluu, kwenye kivuli cha shingo. Nacho kimekua. Havikuwa tena vichwa vya kiberiti, vilikuwa dengu. Akakigusa kimoja kwa kidole. Rangi ya miezi miwili, na bado mbichi.

Hesabu yake haikuhitaji shule. Kadiri kitone kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mtu anavyopaswa kusimama mbali ili jicho lipike. Vitone vikizidi kukua, Zélie atazidi kurudi nyuma.

Aligeuka akatazama nyuma yake. Banda lile zamani lilikuwa la mashua. Lilikuwa na mlango mmoja mkubwa, na nje ya mlango bustani ilishuka moja kwa moja, safu za maharage upande huu, kamba za nguo upande ule, hadi kwenye gati.

Mama Bricard, mfuaji wa jirani, ndiye aliyeiona brashi. Alikuwa ameleta jibini, akaikuta imelala kwenye ubao wa rangi, akaiokota kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya kwa mkia.

"Hizi nywele za nani?"

Evariste akanyoosha mkono aichukue.

"Gondouin, nimekuuliza. Mimi ndiye niliyezikata, nazijua. Hizi ni za nani?"

"Za mwanangu. Kuna ubaya gani? Zake, na picha ni yake."

"Ubaya gani!" Mama Bricard aliirudisha brashi ubaoni, akajifuta mkono kwenye aproni. "Nywele za marehemu huzikwa naye, au hukaa chini ya kioo zikatulia. Hazitumwi kazi. Umezitia kazini, sasa zinafanya kazi. Hata bibi yako angekwambia hilo, kama ungekuwa unamsikiliza badala ya kuchora ng'ombe."

"Nifanye nini basi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nafua."

Siku hiyohiyo Evariste aliitupa brashi kwenye jiko la chuma. Iliungua na harufu yake. Kesho yake asubuhi Zélie alikuwa amesimama kizingitini mwa mlango.

Baada ya hapo alihamia nje. Aling'oa vijiti vya maharage akawa anachomeka kimoja kila siku mahali alipomwona Perrine vizuri, pa karibu kuliko pote. Kila kijiti kilikuwa hatua mbili chini ya kile cha jana. Hakugeuka kutazama aendako. Alishuka kinyumenyume, macho yamekazwa ndani ya banda, mkono mmoja nyuma ukipapasa, na uso wake ulikuwa na raha ambayo Evariste hakuiona tangu Mei. Na jambo moja lilimkosesha Evariste usingizi kuliko mengine. Kitu ukienda mbali nacho kinapungua. Perrine hakupungua. Kutoka kwenye kijiti cha tano alikuwa na kimo kilekile cha mtoto wa miaka minane, na michirizi ya gauni lake ungeweza kuihesabu.

Onésime, mwenye mashua ya kuvushia watu, alipita akipiga makasia, akapaza sauti. "Gondouin! Ile picha yako bado ina tetekuwanga?"

"Pita zako, Onésime."

"Ipake maziwa ya punda, madoa yataisha! Na mkeo je, kapoteza nini huko nyuma? Mama, geuka utazame unakokwenda, bustani yenu ina mwisho!"

Zélie hakumsikia. Evariste alimsikia. Alitembea kutoka kijiti cha mwisho hadi ukingo wa gati, akahesabu. Hatua kumi na sita. Siku nane.

Alifanya alichokijua. Alichukua brashi ya kawaida, nyembamba, akaanza kujaza vitone vidogo katikati ya vile vikubwa ili mtoto aonekane kwa karibu. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka shingo ikakakamaa. Alipokula mkate na supu na kurudi, vitone vyake havikuwepo. Vile vikubwa vilikuwa vimevila, vimenenepa, sasa kila kimoja kama haragwe.

Akamwambia mkewe wazi, wakiwa mezani. "Naichoma."

Zélie aliweka kijiko chini. "Choma."

"Zélie, nasema kweli."

"Na mimi nasema choma. Mara ya kwanza nilimpa mgongo mimi, akafa. Mara hii utamuua wewe, tutakuwa sawa. Ila ujue utalala kitanda kipi baada ya hapo, kwa sababu changu hutalala."

Hakuichoma. Watu watasema alikuwa mwoga, na huenda ni kweli. Lakini naye alikuwa baba. Kila jioni kabla ya jua kuzama alikuwa akienda kusimama kwenye kijiti cha siku hiyo, peke yake, kumwona.

Alichofanya ni kuigeuza. Aliisimamisha picha juu ya kiunzi chake cha miguu mitatu nje ya banda, ikatazama juu, nyumbani, na nyuma ya nyumba barabara na kilima cha mizabibu. Akirudi nyuma huko, aliwaza, atafika kwa mapadri ng'ambo ya kilima kabla ya kufika kwenye maji. Zélie alikubali bila ugomvi. Wakaenda kula. Waliporudi, picha ilikuwa imetazama mto.

"Umeigeuza?" aliuliza.

"Nilikuwa nawe mezani, Baba Perrine. Umenimwagia chumvi wewe mwenyewe."

Aliigeuza tena, akakaa kwenye ndoo akiilinda. Palikuwa na sisimizi kwenye kiatu chake, akainama kumkung'uta mmoja. Alipoinua uso aliona mgongo wa turubai, kitani kitupu na misumari. Kwenye nyasi hapakuwa na alama yoyote ya kuburuta.

Alihesabu siku nane. Zilikuwa sita. Asubuhi ya siku ya sita alikuwa jikoni akinyoa ndevu, na kwenye kioo, juu ya bega lake, aliliona dirisha, na dirishani bustani, na mwisho wa bustani mkewe. Zélie alikuwa ameshapita vijiti vyote. Alikuwa juu ya gati, visigino vya viatu vyake vya mbao vikining'inia nje ya ubao wa mwisho, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Maji nyuma yake yalikuwa ya kijani, mengi, ya mvua ya juzi.

Evariste alishuka ile bustani na povu la sabuni usoni. Hakumwita, aliogopa atashtuka. Alipofika alishika fundo la aproni, akavuta, wakaanguka wote wawili juu ya mbao. Kiatu kimoja kikaenda na mto.

Zélie alimpiga ngumi kifuani. "Niache! Hatua mbili tu! Kuna jambo anasema, midomo yake inacheza. Nikipata hatua mbili nitamsikia!"

"Huko hakuna hatua, mke wangu. Huko ni maji."

"Najua ni maji! Yeye hakuyajua? Alikuwa na miaka minane!"

Alimshika mpaka akaishiwa nguvu. Na pale alipolala, shavu kwenye mbao zilizolowa, akitazama juu kwenye banda, Evariste alielewa. Picha inataka kuutazama mto. Basi iutazame. Lakini si lazima iutazame kutoka upande huu.

Alimpeleka Zélie kwa Mama Bricard, akapanda bandani, akaibeba picha mgongoni, upande wa rangi ukiwa umemgusa, kwani kwa namna nyingine mbao za nyuma zilikuwa zinamchoma. Rangi mbichi ikamgandia shingoni na viganjani. Haikuwa baridi kama rangi. Ilikuwa na joto la mtoto aliyebebwa akasinzia.

Onésime alikuwa ameegesha mashua, anakula soseji.

"Nivushe."

"Umebandikwa madoa mwenyewe, leo! Nilikwambia yanaambukiza."

"Nivushe, Onésime."

Waliondoka. Onésime alipiga makasia na kupiga mdomo: kwamba yeye kwa rangi hizo angepaka mashua nzima, kwamba shemeji yake kule Lagny anachora kwa ufagio na anapata pesa zaidi. Katikati ya mto alinyamaza. Evariste alikuwa ameishusha picha, ameisimamisha magotini mwake, na toka pale ilikuwa vitone vitupu, vikubwa kama sarafu. Lakini Onésime hakuwa anatazama picha. Alikuwa anatazama taswira ya picha hiyo majini, kando ya mashua.

"Gondouin," alisema taratibu. "Mwambie mwanao aachie kasia."

Evariste hakuinama kutazama. "Perrine," alisema, na sauti ikamtoka kama ile aliyokuwa akiitumia mezani. "Mwache Bwana Onésime afanye kazi."

Kasia likalegea. Onésime alipiga mapigo yaliyobaki bila neno, na tangu siku hiyo hakumtania tena mtu wa nyumba ile.

Ng'ambo, kwenye njia ya farasi wa kuvuta mashua, palikuwa na kibanda cha farasi kilichoachwa, wazi upande wa mto. Evariste aliisimamisha picha humo. Ikautazama mto, ikatulia. Naye akavuka kurudi.

Zélie alikuja hadi gati, Mama Bricard amemshika mkono. Alitazama ng'ambo. Perrine alikuwa pale, mzima, kimo chake, na mto mzima katikati yao. Kwa kumwona vizuri hakuhitaji kurudi kwenye maji. Alihitaji kurudi nyuma, kwenye bustani.

Na alirudi. Siku ya kwanza kwenye kamba za nguo. Wiki iliyofuata mbele ya nyumba, kisha barabarani, ambako wenye mikokoteni walimzunguka wakisema maneno. Mwezi wa Oktoba alikuwa kwenye mizabibu, wavunaji wakimwachia njia kati ya safu. Siku ya Watakatifu Wote alikuwa juu kabisa ya kilima, mahali ambapo ukipiga hatua moja zaidi unaanza kushuka upande wa pili na mto huuoni tena. Alisimama huko mpaka alasiri. Evariste alimngoja chini na koti lake.

Aliposhuka, macho yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa anatazama mbele, anaangalia pa kukanyaga.

"Alipunga mkono," alisema. "Kisha pakaisha pa kusimama." Akavaa koti. "Nina njaa, Baba Perrine. Una vitunguu ndani?"

Alipika supu, akala bakuli mbili. Usiku huo alilala kitandani kwao, akakoroma. Evariste alilala macho wazi akimsikiliza, akashukuru.

Jambo lililobaki hakumwambia mtu. Yale madoa ya siku ya kubeba hayakutoka. Alijaribu tapentaini, alijaribu majivu na sabuni, alijaribu kisu. Yalikuwa ya chungwa na bluu, shingoni na viganjani, kama vichwa vya kiberiti. Alifunga skafu, akasema koo linamuuma. Kufikia wakati wa baridi yalikuwa dengu, na yamepanda hadi kidevuni. Ng'ambo hakwenda tena kutazama. Onésime alisema, bila kuulizwa, kwamba turubai lile kibandani sasa ni jeupe.

Jumapili moja ya Januari walikuwa mezani, sungura yuko katikati, dirisha limejaa mwanga wa theluji. Zélie alikata mkate, akainua uso kumpa kipande, mkono ukasimama hewani. Alikunja macho. Alipeleka kichwa huku, akapeleka kule, kama majirani wale wa zamani waliokuwa wakibandika pua kwenye turubai.

"Nini?" aliuliza Evariste.

Aliuweka mkate chini, akatabasamu, lile tabasamu la kwenye vijiti vya maharage.

"Rudi nyuma kidogo, mume wangu," alisema. "Nikuone."